Kusimama uani Globe: mwongozo wa kutazama Shakespeare nje, London na New York

Ukingo wa kusini wa mto Thames, mtaa wa Bankside, London, kuna jumba la tamthilia la duara lisilo na paa katikati. Ni Shakespeare's Globe, lililofunguliwa mwaka 1997 kwa kufuata mfano wa Globe ya kwanza ya mwaka 1599, ile iliyoteketea kwa moto mwaka 1613. Nguzo na kuta zake ni za mbao za mwaloni na chokaa, na paa lake limeezekwa kwa matete. Aliyepigania lijengwe ni mwigizaji Mmarekani Sam Wanamaker, ambaye alifariki mwaka 1993 bila kuliona likifunguliwa. Katikati pana ua wa wazi wa watu 700 hivi wanaosimama, na kuuzunguka kuna roshani tatu, moja juu ya nyingine, zenye mabenchi. Jukwaa na roshani vina paa. Ua hauna.

Ushauri wetu kwa anayekwenda mara ya kwanza ni huu: simama uani. Ni nafasi ya bei ya chini kuliko zote na ndiyo iliyo karibu zaidi na waigizaji. Lakini ni kusimama kwa muda wa saa mbili na nusu hadi tatu, kukiwa na jua au mvua, na ukienda bila kujiandaa utaondoka wakati wa mapumziko, yaani kabla utamu haujafika.

Kuchagua tamthilia na kuisoma kabla

Msimu wa nje Globe huanza kati ya Aprili na Mei na kuishia Oktoba. Tamthilia kadhaa hupokezana, kwa hiyo ukikaa London wiki moja unaweza kuwa na mbili au tatu za kuchagua. Anza na ya kuchekesha: A Midsummer Night's Dream, Much Ado About Nothing au Twelfth Night. Uani mzaha huenea haraka, na hata neno likikupita, vitendo vinakubeba. Ukitaka ya majonzi, chukua Macbeth, ambayo ni fupi na haina mizunguko. Hamlet iache kwanza. Ndiyo ndefu kuliko zote, ikichezwa nzima inapita saa nne, na hata ikipunguzwa ina maneno mengi ya kufikiria huku miguu ikiuma.

Kiingereza cha Shakespeare kina zaidi ya miaka 400, na hata Waingereza wenyewe huhangaika nacho dakika 10 au 15 za mwanzo kabla sikio halijazoea. Msomaji wa Kiswahili ana msaada mzuri hapa. Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar, ikatoka mwaka 1963, kisha akairekebisha ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo ikatoka Mabepari wa Venisi (The Merchant of Venice). S. S. Mushi naye alitafsiri Makbeth (Macbeth, 1968) na Tufani (The Tempest, 1969). Iwapo msimu huu Globe inacheza mojawapo ya hizo nne, tafuta tafsiri, isome yote siku mbili au tatu kabla, na siku ya onyesho rudia sehemu ya kwanza peke yake. Ya kwanza ndiyo inayotaja nani ni nani, nani anamdai nani na nani anampenda nani. Katika Mabepari wa Venisi, kwa mfano, ukishajua kwamba Shylock amemkopesha Antonio fedha kwa rehani ya ratili moja ya nyama ya mwili wake, unaweza kupoteza nusu ya maneno na bado ukaielewa hukumu ya mahakamani katika sehemu ya nne.

Kama hakuna tafsiri, soma muhtasari wa ukurasa mmoja na uandike majina ya wahusika sita hivi kwenye karatasi, pamoja na uhusiano wao. Usijali kwamba utajua mwisho kabla ya kufika. Watazamaji wa tamthilia hizi karibu wote wanajua nani atakufa, na wanakuja kuona atakufaje.

Tiketi

Nunua kwenye tovuti ya Globe yenyewe. Kosa linalowapata wengi ni la ukumbi: ndani ya eneo hilohilo kuna jumba la pili, Sam Wanamaker Playhouse, lililofunguliwa mwaka 2014, dogo, lenye paa na linaloangazwa kwa mishumaa. Hakikisha tiketi imeandikwa Globe Theatre. Nafasi za kusimama huitwa Yard au Standing. Mwaka 1997 zilianza kwa pauni 5, na bei hiyo ilidumu zaidi ya miaka 20. Siku hizi huwa kati ya pauni 5 na 10. Maonyesho ya Jumamosi jioni hujaa mapema, lakini ya mchana katikati ya wiki mara nyingi bado yana nafasi za uani siku chache kabla. Tiketi zikiisha, fungua tovuti asubuhi ya siku yenyewe, kwa kuwa wapo wanaorudisha zao.

Angalia saa vizuri. Tiketi huandika 14:00 au 19:30, ambayo kwetu ni saa 8 mchana na saa 1:30 usiku. Simu nyingi zikiwekwa kwa Kiswahili bado huonyesha saa za Kizungu, na mtu akimwambia mwenzake "saa saba na nusu" kwa simu, mmoja atafika mchana na mwingine jioni. Andikeni 19:30 kama ilivyo kwenye tiketi.

Asiyeweza kusimama achukue roshani. Benchi ni la mbao tupu bila egemeo, isipokuwa safu ya nyuma kabisa ambayo unaweza kuegemea ukuta. Mto wa kukalia unakodishwa hapo hapo, na fedha yake usiionee uchungu. Kabla ya kulipa soma maelezo ya kiti, kwa sababu jukwaani kuna nguzo mbili nene zinazoshikilia paa, na viti kadhaa, hasa vya pembeni, huuzwa kwa onyo kwamba nguzo inaziba. Anayetumia kiti cha magurudumu aombe nafasi yake wakati wa kununua, asingoje siku ya onyesho.

Pa kusimama

Milango ya uani hufunguliwa kama nusu saa kabla ya onyesho, na nafasi hazina namba. Anayetaka ukingo wa jukwaa awe kwenye foleni saa nzima kabla. Akifika dakika tano kabla atapata nafasi, ila ya katikati ya watu, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote kwa kuwa hakuna cha kuegemea.

Kuna sehemu tatu za kugombea. Ya kwanza ni mbele, kifua kikigusa mbao za jukwaa. Jukwaa lina urefu wa kama mita moja na nusu kutoka chini, kwa hiyo mtu wa kimo cha kawaida anaweza kuegemeza mikono juu yake na kumwona mwigizaji kwa hatua moja. Utaona jasho linavyoshuka shingoni kwake, na mate yakiruka katika hotuba ya hasira huenda yakakufikia. Gharama yake ni shingo: unatazama juu muda wote, na mwigizaji akirudi nyuma ya jukwaa utaona kichwa tu. Mtu mfupi aende hapo bila kusita, maana mahali pengine pote atatazama migongo. Ya pili ni ubavuni mwa jukwaa, pasipogombewa sana, ambapo unawaona waigizaji kwa upande lakini unauona pia uso wa umati, na hilo peke yake lina raha. Ya tatu ni nyuma kabisa, mgongo ukiegemea ukuta wa mbao ulio chini ya roshani. Hapo unaona jukwaa zima, shingo imetulia, na miguu inapata nafuu. Mwenye maumivu ya mgongo achague hapo.

Popote utakaposimama, kwanza jipime na zile nguzo mbili. Tazama mlango wa katikati nyuma ya jukwaa. Kama nguzo imeuficha, sogea hatua mbili kushoto au kulia, kwa kuwa wengi hutokea mlango huo.

Waigizaji hupita uani pia, pengine wakisukuma jukwaa dogo la magurudumu katikati ya watu. Mhudumu akikugusa bega au mwigizaji akisema pisha, pisha papo hapo. Nafasi yako utairudia.

Jua, mvua na mavazi

Mwavuli hauruhusiwi uani. Ukiufungua unawaziba walio nyuma, na ncha zake ziko usawa wa macho. Onyesho pia halisimami kwa mvua ya kawaida, na fedha hairudishwi kwa sababu uliloa. Kwa hiyo beba koti la mvua lenye kofia, hata asubuhi ikiwa nyeupe. Koti la kitambaa kisichopenya maji ni bora kuliko poncho ya plastiki nyembamba, ambayo huchakarika kila ukigeuka na kuwaudhi jirani, ingawa poncho ina faida moja: inafunika na begi. Suruali ya jinzi ikiloa haikauki hadi ufike nyumbani, na jioni inakuwa baridi kama chuma. Vaa kitambaa chepesi. Soksi za akiba, zikiwa zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, zitakuokoa wakati wa mapumziko.

Onyesho la mchana lina shida ya pili. Jukwaa liko upande wa kivuli ili waigizaji wasipigwe na jua, na maana yake ni kwamba jua linawapiga watazamaji. Paka mafuta ya kuzuia jua kabla hujaingia. Kofia ya ukingo mpana itamziba aliye nyuma yako, kwa hiyo vaa kapelo, au jitande leso au kanga kichwani. Kanga inafanya kazi tatu siku hiyo: kichwani mchana, shingoni upepo wa mtoni ukianza, na mabegani usiku. Mwishoni mwa Juni jua la London huzama karibu saa 3:20 usiku, hivyo onyesho la jioni huanza kukiwa na mwanga na kumalizika gizani, na joto hushuka sana kati ya mwanzo na mwisho. Aliyezoea Dar es Salaam au Mombasa abebe sweta hata mwezi wa Julai. Mwezi wa Septemba abebe na koti.

Begi liwe dogo. Makubwa yanakataliwa mlangoni, na hata likipita utalibeba saa tatu au litakaa chini likikanyagwa. Kiti cha kukunja usijisumbue nacho, kwani hakiruhusiwi uani.

Miguu, na kwa nini watu huzirai

Kila msimu wapo wanaoanguka uani. Mwaka 2014, Titus Andronicus ilipochezwa Globe kwa damu nyingi ya bandia, watazamaji kadhaa walizirai na habari zikafika magazetini. Ila mara nyingi damu ya jukwaani si sababu pekee. Mtu akisimama wima bila kujongea, damu inatuama miguuni na ubongo unapata kidogo. Ongeza joto, kiu na tumbo tupu, kisha tukio la kutisha, na mtu anakwenda chini.

Kinga yake ni rahisi. Kula chakula kamili saa moja na nusu hivi kabla. Kunywa maji kidogo kidogo tangu asubuhi, na bia iache hadi mwisho. Vaa viatu vya soli bapa na nene ulivyokwisha kuvizoea, maana sakafu ya uani ni ngumu. Usikaze magoti. Kila dakika chache inua visigino mara kumi, ili misuli ya mashavu ya miguu isukume damu kurudi juu, na uhamishe uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Wakati wa mapumziko usiendelee kusimama: toka nje, kaa chini, nyoosha miguu dakika kumi, halafu nenda msalani. Foleni ya wanawake ni ndefu, kwa hiyo pengine ni busara kuianza kwanza na kukaa baadaye.

Wakati wa onyesho kukaa chini uani hakuruhusiwi, kwa kuwa watu watakukwaa. Lakini ukiona macho yanaanza giza, masikio yanavuma au jasho la baridi linatoka, kaa chini hapo hapo bila kuomba ruhusa, inamisha kichwa na mwambie aliye karibu. Wahudumu wamezoea na watakutoa haraka. Kosa kubwa ni kujaribu kujipenyeza hadi mlangoni ukiwa na kizunguzungu. Wanaoumia kichwa ni wale walioanguka wakitembea.

Onyesho likianza

Usiku Globe huwashwa taa zinazomulika jukwaa na watazamaji kwa pamoja, hivyo mwigizaji anakuona kama unavyomwona. Atakuuliza swali akikutazama machoni. Atakuomba umshikie kofia. Mjibu. Cheka kwa sauti, guna, mzomee mwovu. Aliyekulia kwenye ngonjera za shule au ukumbi wa taarabu, ambako mtazamaji hutunza na kuitikia, atajisikia nyumbani hapa kuliko katika kumbi za giza ambako kukohoa ni aibu. Aprili mwaka 2012, Globe ilipoalika tamthilia 37 kwa lugha 37, waigizaji wa Kenya walicheza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili kwenye jukwaa hilohilo. Mpaka uko hapa: itikia unapochokozwa, nyamaza mtu anapokufa. Kupiga picha au kurekodi wakati wa onyesho hakuruhusiwi, na mwanga wa simu uani huonekana hadi roshani ya juu.

Helikopta hupita juu ya mto na kumeza mistari mizima. Waigizaji wazoefu husubiri, au huitumia kuchekesha. Ukikosa maneno kwa sababu hiyo usimuulize jirani, maana jibu lake litakukosesha mengine.

Kurudi, kituo cha Southwark na cha London Bridge viko umbali wa kutembea, na ukivuka Millennium Bridge kwa miguu unafika upande wa St Paul's. Ijumaa na Jumamosi reli ya Jubilee hufanya kazi usiku kucha. Siku nyingine tazama treni ya mwisho kabla hujaingia.

Bustani na nyasi

Ukitaka kukaa, Regent's Park Open Air Theatre ya hapo hapo London, iliyoanza mwaka 1932, ina viti vyenye namba katikati ya miti. Ratiba yake siku hizi ina michezo mingi ya muziki, kwa hiyo hakikisha unachonunua ni tamthilia uliyokusudia. Hapo onyesho halifutwi kabla ya saa ya kuanza hata kukinyesha, kwa hiyo fika. Likikatizwa, unabadilishiwa tiketi kwa siku nyingine badala ya kurudishiwa fedha. Watu hufika mapema kula nyasini. Chapati iliyokunjwa na mayai, sambusa zilizopoa na maandazi ndivyo vinavyosafiri vizuri, ila kachumbari humwagika na chupa za glasi hukupa kazi. Mwezi wa Juni chavua ya nyasi huwashika wengi mafua na macho kuwasha, basi anayejijua ameze dawa yake mapema, dawa isiyoleta usingizi.

Kuna pia vikundi vinavyozunguka viwanja vya makasri na majumba ya kale, ambako unaleta kiti chako. Mkeka wenye plastiki upande wa chini uje kwanza, kikoi juu yake, kwa kuwa umande wa jioni hupenya kitambaa hata siku ya jua kali. Viti vifupi hukaa mbele, virefu nyuma. Vikundi vingi havitumii vipaza sauti, hivyo usivuke mita 15 kutoka jukwaani, na kama upepo unavuma hamia upande ambao unakuletea sauti. Scotland, jioni isiyo na upepo ni ya visubi, na bila dawa ya kuwafukuza hutamaliza nusu ya kwanza.

New York

Delacorte Theater, ndani ya Central Park, ilifunguliwa mwaka 1962 na tiketi zake za Shakespeare ni bure tangu hapo. Baada ya ukarabati mkubwa ilifunguliwa upya Agosti 2025 kwa Twelfth Night, mwongozaji akiwa Saheem Ali, mzaliwa wa Kenya. Lupita Nyong'o na mdogo wake Junior walicheza pacha waliopotezana baharini, Viola na Sebastian, na baadhi ya maneno yao yalikuwa ya Kiswahili.

Ubure wake unalipiwa kwa muda. Bustani hufunguliwa saa 12 asubuhi na foleni huanza hapo, na tiketi hugawiwa saa 6 mchana, mbili kwa kila mtu mzima. Kwa tamthilia yenye nyota wakubwa uwe getini bustani inapofunguliwa. Nenda na mwenzako, mkeka, maji, kitabu na betri ya akiba ya simu. Kila anayepanga foleni lazima awepo mwenyewe, na kumshikia nafasi rafiki atakayefika saa 5 huleta ugomvi na kutolewa foleni. Asiyeweza kukaa hivyo ajaribu bahati nasibu ya mtandaoni siku ile ile, au foleni ya dharura jioni, ambapo nafasi za wasiofika hutolewa dakika za mwisho. Mtu akikuuzia tiketi njiani, kataa: hazikuuzwa tangu mwanzo.

Mvua nayo ina kanuni yake. Onyesho la saa 2 usiku halitangazwi kufutwa kabla ya saa yake ya kuanza, hata mawingu yakiwa meusi tangu alasiri. Ukiondoka saa 1:30 kwa kukata tamaa, mvua ikakatika saa 2, kiti chako kitapewa aliyebaki kwenye foleni ya dharura na koti lake la mvua.